Nairobi hadi Nyacheki: Angani Dakika 50, Safari Nzima Masaa Manane

Ukiiuliza simu yako umbali wa kutoka Nairobi hadi Kisii, itakujibu haraka: kama kilomita 310 kwa barabara, na chini ya 240 ukipiga mstari ulionyooka juu ya vilima. Ukiiuliza ndege inachukua muda gani kufika upande ule wa nchi, itakwambia haifiki saa moja. Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yanaweza kukuchelewesha. Wewe hulali kwenye uwanja wa ndege, na mama yako hakai Kisii mjini. Anakaa Nyacheki.

Tunaiandika hesabu hii kwa sababu wateja wetu wengi wa Gusii huifanya wakiwa na simu mkononi na roho juu: usiku, baada ya kupigiwa kwamba mzazi amezidiwa. Saa hiyo mtu hutoa pesa nyingi kwa haraka, wakati mwingine kwa watu asiowajua, bora tu afike. Na mara nyingi pesa ambayo hospitali inaingojea ndiyo hiyo hiyo iliyo mfukoni mwake, inasafiri naye kwa mwendo wa gari.

Basi tuhesabu pamoja. Tuseme unakaa Umoja. Simu imekuja saa tano usiku. Mama amezidiwa, na kesho asubuhi anahitaji mtu na anahitaji pesa. Umeamua potelea mbali, utapanda ndege ya kwanza.

Ndege yenyewe inatua wapi?

Ndege za ratiba ambazo mtu wa Kisii huzitegemea ni zile za Kisumu. Kuna kiwanja kidogo pale Suneka, kilomita chache kutoka Kisii mjini kwenye barabara ya Migori, na ndege ndogo za kukodi hutua pale, hasa siasa zikipamba moto. Ukisikia kuna ndege ya abiria inayokwenda Suneka siku unayotaka, uliza shirika lenyewe kabla hujalipa hata shilingi. Sisi wengine tutaenda Kisumu.

Hapo ndipo ramani inaanza kukuchezea. Kisumu iko kaskazini ya Kisii. Ukitoka uwanja wa Jomo Kenyatta unaruka kama kilomita 280, unapita kaskazini ya kwenu, unatua, halafu unaanza kurudi kusini. Kwa mstari ulionyooka Kisumu na Kisii zimeachana kama kilomita 65 tu. Lakini barabara haivuki ghuba ya ziwa. Inakwenda kwanza mashariki hadi Ahero, ndipo inapinda kuelekea Katito, Sondu, Oyugis na hatimaye Kisii. Zile kilomita 65 zimeshakuwa zaidi ya 110.

Sasa weka saa mezani. Unatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri kwa teksi. Saa kumi na moja na robo uko uwanjani, kwa sababu kaunta hufungwa mapema kabla ya ndege kuondoka, na ikishafungwa hutapanda hata kama umelipa na ndege unaiona kwa macho kupitia kioo. Ndege inaondoka saa kumi na mbili na nusu. Saa moja na dakika ishirini asubuhi uko Kisumu, na mpaka hapo mambo ni matamu kabisa.

Kisha utamu unaisha. Uwanja wa Kisumu uko upande wa barabara ya Busia, na barabara ya Kisii inatokea upande wa pili wa mji. Unakatiza mji wote, unafika steji, unakaa ndani ya gari lenye abiria watatu na kungojea lijae. Likitoka saa mbili na nusu, utashuka Kisii karibu saa tano. Kama mama ameshapelekwa hospitali ya rufaa pale mjini, umefika, na ni masaa sita na zaidi tangu ufunge mlango wako Umoja. Kama bado yuko Nyacheki, unatafuta gari la kuelekea Nyamache na mbele yake, nalo lijae, lipande vilima vya Bobasi likishusha mmoja mmoja, ndipo uteremke kwenye saa sita na nusu mchana. Hapo hatujahesabu boda boda ya kutoka sokoni hadi mlangoni.

Jumla ni masaa manane. Katika hayo, umekaa angani dakika 50.

Barabara nayo

Kwanza tuseme jambo moja kuhusu mwendo. Sheria haimruhusu dereva wa gari la abiria kupita kilomita 80 kwa saa. Gawanya 310 kwa 80 na utapata karibu masaa manne, na hayo ni kama gari halitasimama hata mara moja, halitakutana na trela kwenye mteremko wa Mai Mahiu, wala dereva hatakunywa chai Narok. Kwa hiyo makanga akikuapia pale steji kwamba watakufikisha Kisii kwa masaa manne, sikiliza vizuri: anakwambia jinsi wanavyokusudia kuendesha.

Siku ya kawaida, gari zuri huchukua masaa sita hadi saba. Mkitoka mjini saa kumi na mbili asubuhi mnapita Kikuyu na Limuru kabla ya mteremko, mnaliona lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kule Mai Mahiu mnaingia barabara ya Narok. Saa tatu mko Narok. Baadaye ni Mulot, Bomet, Kaplong, Sotik, Chebilat, Keroka, majani chai yanaanza kuonekana kila upande, na saa sita na nusu hivi mnaingia Kisii. Nyacheki ni saa nane mchana.

Kuna kitu huwa kinatuchekesha kwenye njia hii. Nyacheki haiko mbali na mpaka wa Kaunti ya Narok, ule upande wa Transmara. Kwa hiyo abiria wa Nyacheki anaingia kaunti ya Narok asubuhi mapema, anaivuka, anatoka, anazunguka Bomet na Nyamira hadi Kisii, kisha anatumia saa moja na zaidi kurudi karibu na kaunti ile ile aliyoiacha wakati wa chai.

Tofauti ya ndege na basi mchana, basi, ni kama saa moja na nusu. Kwa bei je? Nauli ya basi hadi Kisii hukaa kwenye elfu moja na kitu siku za kawaida na hupanda vibaya wiki ya Krismasi. Tiketi ya ndege ni mara kadhaa ya hiyo, na juu yake weka teksi ya alfajiri, matatu ya kukatiza Kisumu, na nauli ya Kisumu hadi Kisii. Kila mtu anajua thamani ya saa moja na nusu yake. Sisi tunachosema ni kwamba ujue unanunua saa moja na nusu, usidhani unanunua masaa sita.

Barabara ina udhaifu wake, na hatutauficha. Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Aprili 2024 mafuriko ya usiku pale Mai Mahiu yaliua watu wengi na kuvuruga njia. Narok mjini nako mvua ikinyesha milimani, maji hushuka barabarani kwa kasi ya kutisha. Msimu wa mvua ndefu, masaa sita yanaweza kuwa kumi, na njia ya kupitia Nakuru na Kericho, ingawa ni ndefu zaidi, huwa ndiyo ya kukimbilia. Redio ya asubuhi itakwambia kabla ya makanga.

Je, usiku? Kama simu ingekuja saa mbili badala ya saa tano, basi la usiku lingekuwa limekupiga hesabu zote. Linaondoka saa tatu au saa nne, na alfajiri, wakati yule wa ndege ndio anafunga mlango wa nyumba yake, wewe uko Kisii unatafuta chai. Kwa saa za mkononi hakuna kinacholishinda. Kwa usalama, hilo ni jambo la kupima mwenyewe: dereva aliyechoka, barabara yenye giza, na kushuka kwenye steji kabla ya jua kuchomoza ukiwa na mzigo na simu. Ukiamua kulipanda, kaa ndani ya gari au kwenye ofisi ya kampuni mpaka kupambazuke.

Kuna watu ambao ndege inawafaa bila ubishi. Anayetoka Mombasa ni mmoja wao: kwa barabara ana kilomita karibu 800 za kupitia Nairobi, mchana na usiku kiasi, na hapo hata akitua Kisumu na kungojea matatu mbili bado amefika mapema sana. Mwingine ni yule ambaye familia imekubaliana kumkodia gari la moja kwa moja kutoka uwanja wa Kisumu. Huyo anafika Kisii kabla ya saa nne asubuhi. Wa tatu ni mgonjwa anayepelekwa Nairobi, ambaye mgongo wake hauwezi kuvumilia masaa saba ya kukaa. Huyo msibishane naye kuhusu nauli.

Pesa itangulie

Turudi Umoja, saa tano usiku. Umeshajua kwamba kwa njia yoyote ile hutafika kabla ya kesho saa tano asubuhi. Swali linalofuata ndilo kubwa kuliko ndege au basi: kati ya sasa na saa hiyo, mama anahitaji nini?

Mara nyingi anahitaji gari la kumtoa Nyacheki. Mwenye Probox anaogopa kutoka usiku bila kujua nani atalipa, na hatumlaumu, mafuta ni yake. Wewe uliye Nairobi unaweza kumlipa kabla hajawasha gari. Omba namba yake, piga umsikie, kubalianeni bei, tuma, na jina likitokea kwenye skrini lisome kwa sauti umuulize kama ndilo lake kabla hujaweka PIN. Mazungumzo hayo yanachukua dakika tano. Mama ameondoka Nyacheki wakati wewe hata begi hujafunga.

Halafu kuna malipo ya hospitali. Hapa ndipo familia nyingi hupoteza pesa na muda bila kujua. Tazama njia ambayo mchango hupita kwa kawaida. Kundi la WhatsApp linafunguliwa. Ndugu kumi wanatuma kwa mweka hazina, kila mmoja akilipa ada ya kutuma. Mweka hazina anamtumia shemeji aliye Kisii, ada nyingine. Shemeji anakwenda kwa wakala kutoa, ada ya tatu, na kama ni usiku wakala amefunga. Asubuhi shemeji anabeba noti hadi kwa keshia wa hospitali, na anaambiwa hapa hatupokei noti, lipa kwa simu. Anarudi kwa wakala kuziweka tena.

Hospitali ikiwa na Paybill, kila ndugu anaweza kulipa moja kwa moja kutoka alipo, akiweka namba ya mgonjwa au ya bili kwenye sehemu ya akaunti. Pesa haipiti mikononi mwa mtu, haitolewi, haibebwi. Ujumbe wa malipo ndio risiti, na mweka hazina kazi yake inabaki kukusanya hizo jumbe na kujumlisha. Hata lawama za baada ya matanga au baada ya mgonjwa kupona, zile za "pesa zetu zilikwenda wapi", hupungua sana.

Mambo mawili tu ya kuangalia. Namba ya Paybill ichukuliwe kwa keshia, kwenye bili, au kwenye bango lililobandikwa hospitalini, na mtu aliye pale aipige picha. Usilipe kwa namba iliyokuja kwenye ujumbe uliosambazwa mara nyingi, hata kama umetoka kwa binamu, kwa sababu binamu naye ametumiwa. Na jina linalotokea kabla ya PIN liwe la hospitali. Likiwa jina la mtu binafsi, simama hapo hapo.

Kama kiasi ni kikubwa, kumbuka mipaka: tangu Agosti 2023 muamala mmoja unaweza kufika hadi KSh 250,000, na akaunti haiwezi kushika zaidi ya KSh 500,000 kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mweka hazina wa harambee kubwa anaweza kufika mahali pesa za watu zinarudi kwa sababu akaunti imejaa, na watu wakaanza kumshuku bure. Alipe hospitali kidogo kidogo kadiri mchango unavyoingia.

Wale walio mbali zaidi wanajua haya kuliko sisi. Watu wa Gusii ni wengi kule Minnesota, Marekani. Kutoka Minneapolis hadi Nairobi ni kilomita zaidi ya 13,000 kwa mstari wa angani, na pamoja na kubadilisha ndege njiani mtu huhesabu siku nzima au zaidi kabla hajagusa ardhi, halafu bado ana safari yote tuliyoieleza hapo juu. Huyo hana cha kujadili kati ya ndege na basi. Anachoweza ni kuhakikisha pesa yake imefika kwa keshia mama angali anasubiri daktari, na kutafuta tiketi baadaye kwa akili iliyotulia.

Kununua tiketi bila kuchomeka

Akili iliyotulia, kwa kweli, ndiyo inayokosekana wakati wa kununua tiketi usiku. Matapeli wanajua hivyo. Unaandika kwenye mtandao "ndege ya Kisumu kesho asubuhi", unaona tangazo lenye nembo unayoifahamu na bei nzuri ajabu, unaandika WhatsApp, unajibiwa na mtu mwenye adabu zote: "Pole sana kwa ugonjwa wa mama. Zimebaki nafasi mbili. Tuma kwa hii namba nikushikie." Namba ni ya mtu. Ukituma, anakuletea kitu kinachofanana na tiketi, na utakuja kujua ukweli kwenye kaunta ya uwanja saa kumi na moja na robo alfajiri.

Shirika la ndege hulipwa kupitia tovuti yake, programu yake, au Paybill yenye jina lake. Ukishalipa unapata namba ya tiketi ambayo unaweza kuikagua mwenyewe kwenye tovuti ya shirika dakika hiyo hiyo. Fanya hivyo kabla ya kulala. Kama unanunua kupitia ofisi ya mawakala wa safari unayoifahamu, sawa, lakini hao nao wana Till au Paybill yenye jina la biashara.

Kwa mabasi ni hivyo hivyo, na Desemba ndiyo mbaya. Steji imejaa, watu wamesimama na watoto na magunia, na kijana mwenye kitabu cha risiti anakwambia tuma nauli kwa namba yangu nikuandikie kiti, ofisi imefungwa. Baadaye gari linakuja, kiti kina mtu mwingine, na kijana hayupo. Lipia dirishani kwenye ofisi, kwa Till yenye jina la kampuni. Na kama gari ni la ushirika lisilo na ofisi, panda kwanza, kaa, ndipo ulipe. Nauli ya kulipwa ukiwa umekaa haijawahi kumwacha mtu steji.

Usifute ujumbe wa malipo. Gari likiharibika Ntulele na kampuni ikakataa kurudisha nauli, ule ujumbe una namba ya muamala, saa na jina la aliyepokea. Ukiwa nao unaweza kulalamika ukasikilizwa. Ukilipa noti kwa makanga, una neno lako na yeye ana lake.

Na kama kwa haraka umetuma kwa namba isiyo yenyewe, usianze kwa kumbembeleza aliyepokea. Wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, maana pesa ambayo haijatolewa inaweza kuzuiwa na ikishatolewa kazi inakuwa kubwa zaidi. Sisi tutakuuliza namba ya muamala. PIN hatutaiuliza, leo wala siku nyingine. Anayeiuliza, hata akikuita kwa majina yako yote matatu, ni mwizi.

Simu njiani, na simu ukifika

Umeketi karibu na dirisha, umechoka, hujalala. Simu yako sasa ndiyo benki ya familia nzima, na kila mtu anapiga kuuliza umefika wapi. Kufika Narok chaji imebaki kidogo. Tunashauri kitu cha kawaida kabisa: beba chaja ya kubebeka, au zima intaneti ubaki na simu na ujumbe tu, kwa sababu kulipa kwa menyu ya kawaida hakuhitaji intaneti. Simu ndogo ya mulika mwizi yenye laini yako ya pesa inaweza kukaa siku tatu bila chaji, na kwa safari kama hii ni bora kuliko simu kubwa.

Jirani akikupa soda au biskuti, shukuru na useme umeshiba. Habari za watu kuwekewa mchele kwenye magari ya masafa marefu kila mtu amezisikia, na anayeamka Kisii bila simu hukuta pia akaunti imesafishwa kama PIN ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa na kitambulisho kilikuwa kwenye mfuko ule ule. Badilisha PIN leo kama iko hivyo. Weka pia namba ya siri kwenye laini yenyewe, ili ikitolewa na kutiwa kwenye simu nyingine isifanye kazi. Na ukiibiwa, azima simu ya abiria mwenzako utupigie tuifunge akaunti kabla hujaenda polisi. Polisi watakungoja, mwizi hangoji.

Ukifika Nyacheki utakuta jambo jingine. Wakala wa kijijini ana vitu viwili: floti ya simu na noti mkononi. Unapotoa pesa, yeye anahitaji noti. Siku za bonasi ya majani chai, na tena wiki ya Krismasi wakati watu wa Nairobi wote wamekuja na pesa kwenye simu, kila mtu anatoa na hakuna anayeweka, kwa hiyo kufika mchana noti zimeisha. Wakala hajakataa kukuhudumia, hana tu cha kukupa. Toa kiasi kidogo Kisii mjini unapobadilisha gari, cha kukutosha siku mbili, au fika kwa wakala asubuhi baada ya wafanyabiashara wa soko kuweka mauzo yao. Na uliza kwanza kama ana kiasi unachotaka, kabla hujabonyeza kutoa.

Vingine vingi huna haja ya kutolea noti. Duka la dawa lina Till, na mwenye duka la unga, sukari na mafuta ya taa analo pia, hata kama limeandikwa kwa chokaa mlangoni. Boda boda wengi watakubali kwa simu, lakini kubalianeni kabla ya kupanda nani analipa ada ya kutoa, maana safari ya shilingi mia huwa inaleta maneno ya shilingi ishirini.

Hifadhi namba ya huyo boda boda. Siku ya kurudi, kama una ndege ya Kisumu saa nane mchana, lazima uwe umeondoka Nyacheki saa moja asubuhi, na saa hiyo sokoni hakuna gari linalokungoja wewe.